Hotuba Iliyofunikwa na Wimbo

Kwetu, huku kaskazini kwenye theluji, hakuna sherehe bila wimbo. Sisemi wimbo wa redio wala wa bendi. Nasema wimbo uliotungwa na shangazi au jirani kwa ajili ya siku hiyo moja tu, ukapachikwa kwenye tuni ambayo kila mtu anaijua tangu utoto, ukachapwa na kutolewa nakala za kumtosha kila mgeni. Katikati ya nyama na keki mnashika karatasi na kuimba wote, ubeti baada ya ubeti, jinsi bibi harusi alivyotumbukia mtaroni na baiskeli, na jinsi bwana harusi anavyokoroma. Mkimaliza mnapiga kelele za shangwe, hurra tatu, kisha moja ndefu.

Mume wangu Egon aliimba nyimbo hizo maisha yake yote bila kusoma hata mstari mmoja.

Alishika karatasi kama wengine, na macho yake yalitembea juu yake kama ya wengine, lakini sikio lake lilikuwa kwangu. Mimi niliketi kushoto kwake nikaimba kwa sauti kubwa, nikiwatangulia wenzangu nusu pumzi, na yeye alidaka kila neno kutoka mdomoni mwangu na kulitoa kwa wakati wake, pamoja na kundi. Desturi yetu ni kuwatenganisha mume na mke kwenye viti vya karamu, ili wazungumze na watu wengine. Lakini wenyeji walizoea kutuweka pamoja. Walisema Gudrun ana wivu. Niliwaacha waseme.

"Gudrun, unakimbilia wapi?" Aage, mpiga akodiani wetu, alikuwa akinitania. "Ngoja basi na sisi tupande!"

"Wewe ndiye mzito, Aage. Kanyaga mafuta."

Watu walicheka, na Egon alicheka nao.

Kumtangulia nilianza tukiwa watoto. Tulisoma darasa moja katika shule ya kijiji, mimi nikikaa dawati la mbele yake. Mwalimu Krogsgaard alitusomesha kwa zamu, kila mtoto asimame asome sentensi yake. Ilipofika zamu ya Egon chumba kilinyamaza, maana wote tulijua. Alishika kitabu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kuruka. Aliwahi kuniambia kuhusu herufi, "Zinakaa vizuri mpaka nizitazame."

"Lauridsen," mwalimu alimwita kwa jina la ukoo, "unasoma au unatafuna?"

Watoto walicheka. Mimi niliweka kiganja mdomoni, nikanong'ona neno la kwanza, kisha la pili. Egon aliyarudia kwa sauti. Tulifika mwisho wa sentensi. Tuliendelea hivyo majira yote ya baridi, mpaka mwalimu alipotugundua na kunihamishia dirishani. Baada ya hapo, kila wakati wa kusoma ulipofika, Egon aliagizwa nje kuleta kuni za jiko. Sasa nikiwa mzee nawaza huenda mwalimu alikuwa anamwokoa. Sijui. Egon alisema ilikuwa adhabu, na yeye ndiye aliyebeba kuni.

Alichokuwa nacho ni kumbukumbu. Mama yake alimfundisha nyimbo za kanisa wakati wa kukamua ng'ombe, naye aliposikia kitu mara moja hakikumtoka. Tulipopata kipaimara mchungaji alitupima mmoja mmoja mbele ya kanisa zima. Wenzetu aliwafungulia kitabu wasome. Alipofika kwa Egon alikifunga kitabu, akakiweka kwapani, akamwambia, "Wewe niimbie ule wa asubuhi." Egon akauimba wote bila kukosea. Hakuna aliyemwomba mchungaji afanye vile. Nakumbuka hata jinsi alivyokibana kile kitabu, kama kitu kisichokuwa na maana.

Tulioana. Egon alikuwa fundi mwashi, na nyumba nyingi za matofali ya manjano mtaani kwetu zimepita mikononi mwake. Bosi wake alitaka kumfanya msimamizi. Egon alisema anapenda kuwa nje, ofisi ingemtia ugonjwa. Tulipokula mgahawani alimwambia mhudumu, "Nitakula anachokula mke wangu," na hivyo alikula samaki wa siki miaka na miaka, ingawa hakumpenda kabisa samaki huyo. Nilipogundua nikaanza kuagiza nyama ya nguruwe. Dukani alijua kahawa kwa rangi ya pakiti na unga kwa picha ya kinu. Asiyemjua asingefahamu. Mimi nilijua, na dada yake Ketty alijua, basi.

Mtu mmoja ilimpasa kujua, na huyo hakujua. Mwana wetu Flemming.

Flemming alipenda vitabu tangu alipoweza kukaa. Akiwa mdogo alikuja sebuleni na kitabu kimemzidi mikono, akakiweka magotini kwa baba yake.

"Baba, nisomee."

"Mpelekee mama yako."

"Mama anaosha vyombo."

"Basi mngoje amalize."

Mtoto alisimama kidogo na kitabu chake, kisha akaja jikoni. Siku moja akaacha kwenda sebuleni, akawa anakuja jikoni moja kwa moja. Alipokua alijifungia chumbani na vitabu vyake, na jioni Egon alipita kwenye ujia na kusema kupitia mlangoni, "Zima taa, Flemming." Hicho ndicho Flemming alichobaki nacho. Baba ambaye hakuwahi kumsomea ukurasa, aliyekuja mlangoni kwake kuhesabu umeme.

Nilimwambia Egon, "Mwambie mtoto."

"Nitamwambia," alisema. "Nitamwambia siku ya kipaimara chake. Mbele ya watu wote, kwa mara moja, yaishe."

Kwetu siku ya kipaimara baba hana budi kusema. Anagonga glasi yake kwa kisu, watu wananyamaza, anasimama na kumwambia mtoto wake mambo ambayo hajawahi kumwambia. Egon aliitunga hotuba yake kwa mdomo, gerejini, akipanga matofali yaliyobaki kazini. Niliisikia kupitia dirisha la jikoni wiki baada ya wiki, mpaka na mimi nikaijua kama Baba Yetu.

Siku yenyewe bendera ilipandishwa tangu asubuhi. Flemming alivaa suti ya kwanza maishani mwake, shingo imesimama kama ya bata. Tulikodi ukumbi wa kijiji. Tulikula supu, tukala nyama ya kuoka na viazi. Egon alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Aligonga glasi. Watu wakageuka. Akasimama, na hapo akaona mikono yake mitupu.

Kila baba anayesimama kwetu ameshika karatasi. Hata anayejua maneno yake hushika, ni sehemu ya vazi. Nadhani Egon aliona kwamba mikono mitupu itawafanya watu wajiulize kabla hajafika mahali pake katika hotuba. Alinyoosha mkono, akachukua karatasi ya karibu iliyochungulia chini ya sahani yake. Ilikuwa ya rangi ya waridi.

Ilikuwa wimbo wa Ketty. Alikuwa ameutungia mpwa wake na kuuficha chini ya kila sahani usubiri wakati wake. Watu walimwona mwenye karamu amegonga glasi, amesimama, ameshika karatasi ya waridi. Wakafanya jambo ambalo yeyote kwetu angefanya. Wakachomoa zao.

"Flemming mwanangu," Egon alianza. "Siku uliyozaliwa theluji iliziba barabara..."

Aage alishavuta akodiani. Ukumbi mzima uliimba. Beti zilikuwa nyingi, Ketty hakuwa mtu wa kujibana. Egon alibaki amesimama, karatasi mkononi, na sikujua nifanye nini zaidi ya lile nililolizoea. Nikaimba, nikamtangulia. Midomo yake ilifuata. Aliimba wimbo wote, akaifunika hotuba yake mwenyewe. Kisha hurra tatu, kisha ile ndefu, akakaa.

"Simama tena," nilimwambia.

"Wameshaimba," alisema.

Waliingia akina mama wa jikoni na barafu ya maziwa. Flemming alikuwa anamtazama baba yake, akingoja. Alingoja mpaka vibakuli vilipokusanywa. Baba wa rafiki yake mmoja aliona, akasimama akamsemea mtoto wetu maneno machache mazuri. Simsahau mtu yule, ingawa baadaye alihamia Sweden.

Baada ya hapo wakawa baba na mtoto wa salamu. Flemming alienda kusoma mjini Aarhus, akawa mhandisi wa madaraja, akaoa. Alipopiga simu na Egon akapokea, Egon alisema, "Habari za hali ya hewa huko? Haya, mama yako huyu hapa." Nilimwuliza Egon mara nyingi kwa nini asimwambie tu, jikoni, kwenye gari, popote. Alisema ameshachelewa, angekuwa kama anatoa udhuru. Na mimi nilikatazwa kumsemea. Alisema ni maneno yake.

Kisha akaja Alberte.

Alberte ni binti pekee wa Flemming. Alipokuwa darasa la pili walimu wake walimpima wakasema ana disleksia. Sisi tunaita upofu wa maneno. Hawakumtuma kuni. Walimpa kompyuta inayomsomea sikioni, na mwalimu wa kukaa naye, na mtoto akatutangazia kwenye meza ya kahawa kana kwamba ametuambia ameota jino.

"Mimi ni kipofu wa maneno," alisema, akilamba krimu kidoleni. "Herufi zinaniruka. Mwalimu anasema inatoka kwenye ukoo. Babu, ni wewe?"

Flemming alicheka. "Acha maswali, Alberte. Babu hapendi tu kusoma."

Egon aliweka kikombe chini. Kilipiga kelele kwenye kisahani.

"Ni mimi," alisema.

 Mkwe wangu Dorthe akamjazia kahawa, ingawa kikombe kilikuwa kimejaa nusu. Flemming alimtazama baba yake, kisha mimi, kisha akasema anatoka kuangalia matairi ya gari. Alikaa nje kitambo. Niliona kupitia dirishani kwamba hakuwa anaangalia tairi lolote. Aliporudi alikuwa amebeba kuni za jiko, kikapu tele, na kuni hatukuwa tumeishiwa. Akaziweka karibu na kiti cha baba yake, akazipanga moja moja.

Niliwaza, sasa watasema. Hawakusema. Flemming ni mtoto wa Egon katika jambo hilo.

Lakini babu na mjukuu walishikana. Alberte alimfundisha kuweka kile kitu cha sikioni ili simu imsomee gazeti. Egon alikivua.

"Sitaki mtu sikioni. Nimekuwa na Gudrun sikioni maisha yangu yote, hakuna nafasi."

"Huyu hachoki, Babu."

"Gudrun pia hachoki. Ndiyo shida."

Egon aliahidi kwamba siku ya kipaimara cha Alberte atasema yeye, na atayasema na yale ya zamani, Flemming akiwepo.

Hakufikiria kwamba kumbukumbu ingemwacha.

Ilianza dukani. Walibadilisha pakiti ya kahawa, na Egon akasimama mbele ya rafu mpaka kijana wa duka akamsaidia. Kijana hakuuliza kwa nini hasomi, alimwambia hata yeye inamchanganya. Kisha vidonge vyake, ambavyo alivijua kwa rangi. Kisha njia. Vijana wa siku hizi wakisahau wanaandika karatasi na kuibandika kwenye friji. Nilimbandikia nini mtu huyu? Daktari alinipa kijitabu cha mashauri: andika majina kwenye milango ya makabati, andika ratiba ya siku. Nilikiweka droo ya chini. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa macho yake, na sasa alirudi kuwa yule mtoto aliyeshika kitabu kama kuku, ila safari hii alikuwa na nywele nyeupe na watu wa mtaa walimjua kwa jina.

Tulifanya mazoezi ya hotuba ya Alberte tangu theluji ilipoyeyuka. Tuliketi nyuma ya nyumba kwenye ukuta mfupi alioujenga mwenyewe.

"Alberte mjukuu wangu," nilianza.

"Alberte mjukuu wangu. Mimi na wewe tuna macho ya aina moja."

"Vizuri. Lakini wewe umezaliwa..."

"Lakini wewe umezaliwa..." Alitazama mikono yake. "Nani amezaliwa?"

Wakati mwingine Alberte alikuja likizo akakaa nasi, akamrekodi kwa simu, akamchezea sauti yake mwenyewe. Egon aliisikiliza kwa adabu. "Mzee huyo anasema vizuri," alisema. "Ni mtu wa huku?"

Alberte alicheka, kisha akaangalia pembeni.

Nilimwambia Flemming kwenye simu kwamba tumwache baba yake apumzike, asisimame. 

"Anataka kusimama?" aliuliza.

"Hataki kingine."

"Basi asimame, Mama. Hata akisema kuhusu hali ya hewa."

Kipaimara kilikuwa mwezi wa tano, miti ya mibuki imechipua majani mapya. Alberte alivaa gauni jeupe na viatu vya michezo vyeupe, ndiyo mtindo wao. Kanisani mchungaji, mama mmoja kijana, aliwaomba watoto wasome kila mmoja mstari wake. Alberte alikuwa ameukariri wake kwa kuusikiliza sikioni, akausema bila kutazama karatasi, na hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Nilimshika Egon mkono. Yeye alikuwa anatazama mishumaa.

Karamu ilikuwa ukumbi uleule wa kijiji. Meza zilipambwa kwa bendera ndogo. Aage, ambaye sasa anatembea kwa kigari cha kusukuma, alikuja na akodiani yake magotini. Flemming alimsemea binti yake vizuri, watu wakafuta macho. Dorthe akasema. Kisha Egon akagonga glasi yake.

Hakushika karatasi. Nilikuwa nimeondoa kila karatasi karibu naye tangu mwanzo, hata leso za mezani. Na nilimwona Aage akiinua akodiani kutoka magotini na kuiweka sakafuni, nyuma ya miguu yake, aifikie kwa shida. Hakuniangalia. Nilikuwa nikidhani alishasahau mambo ya zamani yale.

"Alberte mjukuu wangu," nilinong'ona.

Egon alitazama meza yote. Alimtazama Alberte na gauni lake, akampita. Macho yake yakamkuta Flemming. Flemming alikuwa amevaa suti nyeusi na tai imemkaba, na mvi zimeanza, lakini shingo ni ileile ya bata.

"Alberte mjukuu wangu," nilirudia.

"Flemming mwanangu," Egon alisema.

Sikumtangulia tena. Haikuhitajika.

"Siku uliyozaliwa theluji iliziba barabara, na mkunga akaletwa na trekta ya jirani. Waliponipa nikushike niliiogopa mikono yangu, maana ilikuwa na saruji kwenye nyufa, nikahofia nitakukwaruza. Sikukukwaruza. Mengine mengi sikuyaweza. Mimi kusoma kulinishinda, Flemming. Watu wengi hapa hawajui, leo wajue. Uliponiletea kitabu nikakwambia nenda kwa mama yako, siyo kwamba sikutaka. Na jioni nikikuambia zima taa, nilikuwa nimeshasimama mlangoni kitambo, nakusikiliza unavyogeuza kurasa. Naipenda sauti hiyo. Nasimama hapo nasema moyoni, huyo ni mwanangu, anageuza kurasa. Basi soma. Na ukifika mbali usione haya kurudi nyumbani. Hurra kwa Flemming."

Yote, bila kukosea neno, kama ule wimbo wa asubuhi mbele ya mchungaji. Wageni vijana walitazamana. Wazee walitazama sahani zao. Mtu mmoja alisema hurra kwa sauti ndogo, wengine wakafuata, tatu na moja ndefu.

Egon alikaa. Alinishika mkono. "Wameimba?" aliniuliza.

"Hapana. Wamekusikiliza."

"Mtoto je?"

Flemming alikuwa amesimama. Alizunguka meza akapiga magoti karibu na kiti cha baba yake, mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi, suti mpya sakafuni. "Nimesikia, Baba," alisema. Egon alimpapasa kichwani kwa heshima, kama mtu anavyompapasa mtoto wa mgeni. Kisha akaniinamia. "Huyu bwana analia nini?" aliniuliza. "Amefiwa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Alilitoa neno lake, na alipomaliza kulitoa alikuwa ameshaondoka.

Alberte nilimkuta nje, nyuma ya ukumbi, karibu na mapipa ya taka. Gauni alilikusanya lisiguse chini.

"Hakunitaja hata jina, Bibi," alisema. "Ilikuwa siku yangu. Tumefanya mazoezi pale ukutani siku zote zile."

"Najua."

"Najua ni mgonjwa. Usiniambie ni mgonjwa."

Sikumwambia.  Lilikuwa jambo la kweli alilolisema. Nilisimama naye mpaka baridi ikatuingia, kisha akapangusa uso kwa mkono, akasema Babu hajala keki, na akaingia kumkatia kipande. Alichagua kile chenye krimu nyingi. Zile rekodi za ukutani bado anazo kwenye simu yake. Sijamwomba nisikie, naye hajanipa.

Sasa Egon yuko kwenye nyumba ya wazee, karibu na bandari. Siku zingine ananijua, siku zingine ananiita Ketty, ambaye ameshafariki. Lakini lipo jambo moja ambalo halikumtoka: anaamini hotuba bado hajaitoa. Kila mara ananiuliza karamu ni lini, watu wameshaalikwa, mtoto anangoja. Mikono yake inatafuta karatasi kwenye blanketi. Nilimwambia ameshasema, tena amesema vizuri. Aliamini kwa dakika chache, kisha mikono ikaanza kutafuta tena. Ni hilo linalonivunja moyo. Jambo lililochukua maisha yake yote kusema, halikai kichwani mwake kwamba limeshasemwa.

Flemming anaendesha gari kutoka Aarhus kila Jumamosi. Hamwambii baba yake kwamba ameshasema. Anavuta kiti, anagonga kikombe cha kahawa kwa kijiko, ananyamaza, na Egon anajiweka sawa kitandani na kuanza. Mwanzoni aliisema yote. Majira ya kiangazi sentensi ya trekta ilipotea. Kisha saruji. Siku moja alifika "Flemming mwanangu" akakwama, mdomo wazi, na hofu ile ya darasani ikamjaa machoni. Nilivuta pumzi ili nimsaidie.

Flemming alinitangulia.

"Siku uliyozaliwa," alisema polepole, nusu pumzi mbele.

"Siku uliyozaliwa," Egon alisema.

"Theluji iliziba barabara."

"Theluji iliziba barabara."

Hakuna aliyemfundisha. Alimsomea baba yake hotuba nzima namna ile, neno kwa neno, mpaka mlangoni na kurasa zinazogeuzwa. Ilimbidi aseme mwenyewe, "Huyo ni mwanangu," ili baba yake apate kulisema baada yake. Sauti ilimkatika pale, akaanza upya, na Egon akamngoja kwa subira, akimtazama mdomo.

Tangu hapo mimi nakaa dirishani na sufu yangu ya kufuma. Jumamosi iliyopita Egon alidaka maneno machache tu, mengine yalimpita. Flemming hakuharakisha. Alipofika mwisho alipiga hurra tatu kwa sauti ya chini, kwa sababu jirani wa chumba cha pili alikuwa amelala, kisha akapiga ile ndefu.